Je, Vijana Hufurahia Likizo ya Familia Kwenye Meli ya Kitalii?

Swali: "Mimi na mume wangu tunaishi Jinja, na mwezi wa Desemba tutatimiza miaka ishirini ya ndoa. Kwa muda mrefu tumedunduliza fedha ili tuwapeleke watoto wetu watatu kwenye safari ya siku nne kwa meli ya kitalii inayoondoka Durban, Afrika Kusini. Binti mkubwa ana miaka 18 na atakuwa amemaliza mtihani wa Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari. Wa pili ana miaka 15, yuko Senior Three katika shule ya bweni. Kitinda mimba ni mvulana wa miaka 12 ambaye atakuwa amemaliza darasa la saba. Mvulana anahesabu siku, mkubwa hasemi neno, na yule wa miaka 15 amesema atakuja kwa sababu tu tunamlazimisha. Je, vijana wa umri huu hufurahia kweli safari hizi, au tutatumia fedha zote hizo ili watununie baharini?"

Jibu:

Mama mpendwa, hongereni kwa miaka ishirini ya ndoa. Jibu langu fupi ni kwamba ndiyo, vijana wengi wa miaka 12 hadi 17 huzifurahia safari hizi, na katika familia yako ninaamini kuwa binti wa miaka 15, yule anayekataa, ndiye aliyeandaliwa mambo mengi zaidi melini. Anayehitaji kufikiriwa kwa makini ni dada yake wa miaka 18. Nitaeleza sababu zangu kwa urefu, kwa kuwa wazazi wengi ninaowashauri hapa Kampala huniuliza kama watoto wao watapenda bahari, ilhali bahari yenyewe haina uzito mkubwa katika jambo hili.

Kinachompendeza kijana katika meli ya kitalii ni uhuru wa kutembea peke yake mahali penye mipaka, pamoja na wenzake wa rika lake ambao hawajui lolote kuhusu alama zake za darasani. Yatazame maisha ya binti yako wa Senior Three. Shuleni huamshwa kabla ya alfajiri kwa ajili ya prepu (kipindi cha kujisomea), hula kwa kengele, hulala kwa kengele, na simu hairuhusiwi. Akifunga shule, anarudi Jinja ambako wewe na baba yake, kwa sababu nzuri kabisa, hamtaki apande bodaboda usiku wala azurure mjini na watu msiowajua, hivyo likizo nayo hugeuka kuwa kufua, kupika, masomo ya ziada na kukaa sebuleni na simu mkononi. Mtoto wa namna hii hukua bila kupata nafasi ya kuamua jambo dogo kama vile saa ngapi ale na nani akae naye mezani. Tunapomwambia kwamba likizo ijayo itakuwa ya familia nzima, siku nne, ndani ya chombo kimoja, yeye husikia kwamba ulinzi ule ule sasa utahamia kwenye chumba kidogo kuliko sebule.

Lakini ndani ya meli mambo huenda kinyume na anavyodhani. Kila abiria hupewa kadi yake inayofungua mlango wa chumba, inayotumika kulipia vitu, na inayokaguliwa pamoja na picha yake kila anapotoka na kuingia. Mtu wa nje hawezi kupanda, na mtoto mdogo hawezi kushuka bandarini bila wafanyakazi wa mlangoni kumwona. Chakula kimekwisha kulipiwa tangu nyumbani na hupatikana karibu saa zote, kwa hiyo hakuna wa kuomba hela ya chipsi. Mzazi anaweza kukaa sitahani na mwenzake kwa saa tatu akijua kwamba mtoto wake, popote alipo, yumo ndani ya meli hiyo hiyo. Nimepanga likizo za familia za kila aina, na ni chache sana ninazozijua ambapo kijana na mzazi kila mmoja hupata anachokitaka bila mmoja kuwa msindikizaji wa mwenziwe.

Kwa miaka mingi kampuni ambayo imekuwa ikileta meli Durban katika msimu wa kiangazi cha kusini, kuanzia mwezi wa Novemba hivi hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, ni MSC. Kampuni hii, kama zilivyo nyingine kubwa, huwatenga vijana kwa umri: wa miaka 12 hadi 14 wana klabu yao, na wa 15 hadi 17 wana ya kwao. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa mzazi, lakini kwa vijana ni kubwa mno, kwa sababu hakuna kinachomuudhi msichana wa miaka 15 kuliko kuwekwa chumba kimoja na rafiki wa mdogo wake. Klabu hizo zimo ndani ya nauli. Huwa na michezo ya video, muziki, mashindano, usiku wa karaoke, na vijana wanaosimamia ambao kazi yao ni kuwakutanisha wageni. Vijana huenda na kutoka wapendavyo, tofauti na watoto wadogo ambao lazima mzazi awapeleke na kuwachukua. Kwa hiyo mvulana wako, ikiwa atakuwa ametimiza miaka 12 siku ya kuondoka, ataingia kwenye klabu ya wadogo, na dada yake atakuwa mbali naye kwa amani ya wote wawili.

Hapa pana jambo moja ambalo ningependa ulishike kuliko yote nitakayosema. Urafiki wa vijana melini hufungwa jioni ya kwanza. Wasimamizi huandaa mkutano wa kufahamiana saa chache baada ya meli kung'oa nanga, na wanaohudhuria hutoka pale wakiwa tayari ni makundi ya watu watano au sita ambayo yataogelea, kula na kucheza pamoja hadi mwisho. Anayekuja siku ya tatu hukuta viti vimekaliwa. Katika safari ya siku kumi hasara hiyo hufidika. Katika safari ya siku nne haifidiki. Wazazi wengi, kwa nia njema, hutumia jioni hiyo ya kwanza kwa chakula rasmi cha familia na picha za mavazi mazuri, kisha hushangaa kwa nini binti amejifungia chumbani siku iliyofuata. Kuleni mapema, picha zisubiri kesho, na binti aachwe aende.

Familia moja ya hapa Kampala niliyoiandalia safari ilikuwa na msichana wa umri wa binti yako, mwenye haya, asiyetaka kabisa kwenda kwenye klabu hiyo. Mama yake alinisimulia kwamba walikubaliana akae dakika ishirini tu, na mama amngojee kwenye ngazi za sitaha iliyo chini. Msichana aliingia akasimama ukutani karibu na mlango, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta, akiwatazama Waafrika Kusini waliokuwa wakizungumza kwa kasi lugha asizozijua. Kisha mtu akaweka wimbo wa Kinaijeria ambao kila kijana chumbani mle aliujua neno kwa neno, na yeye akaujua pia. Mama alingoja pale ngazini muda mrefu kuliko dakika ishirini, hatimaye akapanda kuchungulia kwenye kioo cha mlango, akaona sweta limetupwa kitini. Ninakusimulia haya ili ujue ukubwa wa kizingiti chenyewe: ni dakika chache ngumu za kusimama ukutani, na kijana husaidika anapojua kwamba anaruhusiwa kuondoka zikiisha.

Sasa, kuhusu kukataa kwake. Ningekusihi usichukue maneno "mnanilazimisha" kama jibu la mwisho, wala usiyapuuze kama ukaidi wa umri. Muulize kwa utulivu, mkiwa wawili tu, ni kitu gani hasa anachokiogopa. Mara nyingi sana sababu iko mbali na pale mzazi anapoitafuta. Binti mmoja alinieleza kwamba hakuwa na tatizo lolote na meli. Alichokikataa ni picha. Shule yake, kama zilivyo shule nyingi za Uganda, huwataka wasichana wanyoe nywele, na Desemba hiyo angesimama kwenye bwawa la kuogelea akiwa na kichwa cha mwanafunzi, miongoni mwa wasichana wenye misuko hadi kiunoni, na picha zingebaki. Jambo hilo kwa mama yake lilikuwa dogo. Kwa binti lilikuwa ndilo jambo lenyewe. Walitafuta vilemba viwili vizuri na hereni kubwa, na hoja ikaisha.

Sababu nyingine ambayo vijana wetu huificha ni kutojua kuogelea. Watoto wengi wa Uganda, hata wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria au Mto Nile kama ninyi, hawakufundishwa, na kijana wa miaka 15 huona aibu kubwa kukaa ukingoni akining'iniza miguu majini huku watoto wa miaka saba wakipiga mbizi. Sehemu kubwa ya raha za meli iko majini au kando ya maji: mabwawa, mabirika ya maji moto, na katika meli kubwa zaidi hata mitelezo. Jinja kuna mahoteli yenye mabwawa na walimu wa kuogelea. Masomo katika likizo ya Mei na ile ya Agosti yanatosha kumfanya ajiamini kwenye maji ya kifuani. Zungumzeni pia kuhusu mavazi ya kuogelea mapema, nyumbani, bila baba wala kaka kuwapo. Kaptura na fulana maalumu ya kuogelea huvaliwa na wasichana wengi na hakuna atakayemshangaa.

Inawezekana pia kwamba anaogopa maji kwa sababu nzito. Kizazi hiki kinakumbuka tarehe 24 Novemba 2018, ambapo boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha, wengi wao vijana. Ikiwa hilo limo moyoni mwake, mweleze tofauti kwa ukweli badala ya kumwambia asiogope. Meli ya abiria ya kimataifa hukaguliwa kwa sheria za kimataifa, ina nafasi ya kila mtu katika vyombo vya kuokolea, na baada ya ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012 nchini Italia, iliyoua watu 32, sheria zilibadilishwa ili mazoezi ya dharura yafanyike kabla ya meli kuondoka bandarini au mara tu inapoondoka. Mwambie kwamba atafundishwa mahali pa kukusanyikia siku ile ile ya kupanda meli. Vijana huheshimu maelezo ya namna hiyo.

Baadhi ya wazazi hujaribu kupima kwanza hapa nyumbani kwa kuwapeleka watoto kwenye boti ya maporomoko ya Murchison au ya Mfereji wa Kazinga. Zote mbili ni safari nzuri sana, na ningependa kila mtoto wa Uganda aone maji ya Nile yakijipenyeza kwenye mwanya wa takriban mita 7 pale juu, na viboko wa Kazinga wakiwa wamelala kama mawe. Ila hazipimi lolote kuhusu meli, kwa sababu mle kijana hukaa kwenye kiti kando ya mama yake kwa saa mbili au tatu akitazama wanyama, na akichoka hana pa kwenda. Kipimo cha karibu zaidi ni wikiendi Kalangala, kwenye visiwa vya Ziwa Viktoria. Pandeni feri ya MV Kalangala pale Nakiwogo, Entebbe, mwendo wa takriban saa tatu na nusu hadi Lutoboka, mlale kwenye mojawapo ya hoteli za ufukweni, kisha mwachieni huru mchana kutwa kwa sharti la kuonekana saa ya chakula cha jioni. Tazama anautumiaje uhuru huo. Akirudi na hadithi, basi meli itamfaa. Akishinda chumbani na simu siku mbili mfululizo, bado si ushahidi dhidi ya meli, kwa kuwa Kalangala huenda hakukuwa na wenzake, lakini utakuwa umejua kwamba suala la intaneti litahitaji mazungumzo.

Na kweli linahitaji. Melini intaneti huuzwa kando, kwa siku au kwa safari nzima na kwa kila kifaa, na bei yake si ya bando tulizozizoea. Kijana ambaye hakuambiwa hilo mapema huhisi amedanganywa, na ni kosa la ahadi kuliko la bahari. Ushauri wangu ni kununua kifurushi kidogo kimoja kwa binti wa miaka 15 na kingine kwa dada yake, mkiwaeleza kwamba kikiisha kimeisha. Kuwanyima kabisa kwa sababu "ni muda wa familia" huleta kisirani, na kuwapa bila kipimo huwafanya wabaki Jinja kwa mawazo huku miili yao iko Durban.

Nimesema binti mkubwa ndiye mwenye kesi ngumu. Akiwa na miaka 18 anatoka kwenye klabu ya vijana, hata kama amefikisha umri huo wiki iliyopita. Katika meli zinazoondoka Marekani hali yake ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa huko pombe kwa kawaida ni kuanzia miaka 21, hivyo kijana wa 18 hadi 20 huelea katikati bila kuwa wa huku wala wa kule. Katika safari za Durban anahesabiwa kuwa mtu mzima. Ataruhusiwa kuingia disko, na kadi yake inaweza kununua kinywaji chochote kwa akaunti yenu. Jambo hilo lizungumzwe kabla ya safari, kwa maneno ya wazi, na muwaombe mapokezi waweke kikomo cha matumizi kwenye kadi yake na za wadogo zake. Lakini pombe hainipi wasiwasi kama upweke. Wadogo zake watakuwa na makundi yao, ninyi mtakuwa wawili, na yeye atakula kifungua kinywa peke yake. Kama ana binamu au rafiki wa karibu wa umri wake ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia, mleteni. Kama hakuna, mpeni haki ya kweli ya kuchagua kubaki. Likizo ndefu ya baada ya Senior Six ni kipindi ambacho vijana wetu hujifunza udereva, hufanya kazi ndogo, hupumua baada ya miaka mingi ya mitihani, na ukimya wake huenda unamaanisha kwamba ana mipango ambayo hajui kama ataruhusiwa kuisema.

Tarehe nazo zina uzito kwao kuliko mnavyodhani. Desemba ya Uganda ni kijijini. Ni binamu, ni kuku, ni kukesha nje usiku wa mkesha wa Krismasi, na kwa vijana wengi wa bweni hao binamu ndio rika lao la kweli, wanaowaona mara moja kwa mwaka. Safari inayomeza Krismasi itachukiwa hata kama meli ni ya dhahabu, tena nauli za wiki hiyo huwa juu. Mtihani wa Senior Six kwa kawaida humalizika mwanzoni mwa Desemba na wa darasa la saba humalizika Novemba, kwa hiyo wiki ya pili au ya tatu ya Desemba ndiyo inayowafaa: mitihani imepita na kijiji bado kinangoja. Nisingechagua nusu ya pili ya Januari, kwa kuwa huo ndio wakati ambapo matokeo ya darasa la saba hungojewa, na mvulana wako atakuwa na tumbo moto pamoja na ninyi wawili.

Kuhusu vyumba, ninyi ni watano, na vyumba vingi vya meli hulaza watu wasiozidi wanne, hivyo mtahitaji viwili vyovyote iwavyo. Igeuzeni gharama hiyo kuwa faida. Mabinti walale pamoja, mvulana alale nanyi au vyumba viwe viwili vyenye mlango wa kati. Kampuni nyingi hudai kila chumba kiandikishwe mtu mzima na umri wenyewe hutofautiana, kwa hiyo ulizeni wakati wa kuweka nafasi. Binti wa miaka 15 aliyepewa ufunguo wa chumba ambacho si cha wazazi wake amekwisha kupata nusu ya likizo yake kabla ya kuona maji. Mwacheni alale asubuhi. Miili ya vijana wa umri huu huchelewa kupata usingizi usiku na huchelewa kuamka, jambo la kimaumbile ambalo shule za bweni haziwezi kulizingatia lakini ninyi mnaweza kwa siku nne.

Masharti yawe machache na yasiwe na mjadala. La kwanza na la muhimu kuliko mengine: haingii chumba cha mtu yeyote, awe rafiki mpya au mfanyakazi wa meli, na hakuna anayeingia chumbani mwao. Mikutano yote iwe mahali pa wazi. Pili, saa ya kurudi usiku ijulikane. Kampuni nyingine huweka saa yao wenyewe kwa walio chini ya miaka 18, nanyi mna haki ya kuweka ya mapema zaidi. Tatu, chakula cha jioni ni cha familia nzima kila siku kuanzia siku ya pili. Sharti hili la tatu ndilo ambalo wazazi huniambia baadaye kwamba liliwapa walichokwenda kukitafuta, kwa maana kijana aliyeshinda peke yake huja mezani na maneno. Atawaambia kuhusu msichana wa Soweto anayecheza netiboli, kuhusu mvulana aliyeanguka kwenye mashindano, kuhusu aiskrimu ya saa tano usiku. Mkishinda naye kutwa nzima, jioni hana jipya la kuwaambia.

Bahari ya Durban ina tabia zake, na ni vema mziweke kwenye hesabu. Mkondo wa Agulhas hushuka kwa nguvu kando ya pwani hiyo kuelekea kusini-magharibi, na upepo ukivuma kinyume chake mawimbi huwa marefu na makali. Chagueni vyumba vya katikati ya meli na sitaha za chini, mbebe dawa za kulewa bahari zilizoidhinishwa na daktari kwa umri wa mvulana, na mzinywe kabla kichefuchefu hakijaanza. Safari fupi za Durban huelekea Msumbiji, hasa Pomene au Kisiwa cha Portuguese katika ghuba ya Maputo, na abiria hupelekwa ufukweni kwa vyombo vidogo, hivyo hali ya hewa ikichafuka kituo hicho hufutwa na mkataba unairuhusu kampuni kufanya hivyo. Msiwaahidi watoto kisiwa. Waahidini meli, na kisiwa kikipatikana kiwe ziada.

Juu ya nauli mtakuta bakshishi za kila siku kwa kila mtu ambazo kampuni nyingi huziweka zenyewe kwenye akaunti, vinywaji, matembezi ya bandarini na ile intaneti. Wapeni mabinti kiasi chao cha fedha kwa safari nzima, wakijue tangu mwanzo, na msiwaulize wamekitumiaje.

Nyaraka zianze mapema, Agosti ikiwezekana. Mwenye pasipoti ya Uganda huhitaji viza ya Afrika Kusini, na kwa kuwa meli itatoka nje ya nchi hiyo na kurudi, ombeni inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Bebeni kadi za chanjo ya homa ya manjano na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote walio chini ya miaka 18, na mwulize kampuni ya meli kwa maandishi kuhusu masharti ya Msumbiji kwa Waganda. Fikeni Durban siku moja kabla, kwa sababu meli haimngoji abiria ambaye ndege yake imechelewa Johannesburg. Malipo ya kwanza msiyatoe kabla binti mkubwa hajawapa jibu lake, kwani idadi ya wasafiri ikibadilika baadaye vyumba hubadilika na kampuni hukata fedha.